Beki wa Chuo: Mjadala wa Bariadi

Juni Bariadi huwa na shughuli mbili kwa mpigo. Pamba inapimwa kwenye mizani za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na shule za sekondari zinachuja wachezaji wa UMISSETA, michezo ya taifa ya shule hizo. Mzazi yuko kwenye foleni ya pamba, mtoto yuko kiwanjani, na jioni kila mmoja anarudi nyumbani na hoja zake. Mjadala ufuatao ni wa majira hayo. Nimeupanga katika sauti nne ambazo mtu yeyote aliyekaa Simiyu amewahi kuzisikia: mwalimu wa michezo, mama mkulima kutoka upande wa Itilima, kijana fundi simu anayekesha akifuatilia michezo ya Marekani, na binti wa mama huyo, wa kidato cha tatu, anayecheza GD, yaani mlinzi, katika timu ya mpira wa pete. Pale wanaponilazimisha, nami nitaingia.

Swali lao ni hili: mtoto ambaye kipaji chake ni kuzuia, wala si kufunga, aonyeshwe njia ya vyuo vya Marekani? Na akiifuata, tutajuaje kama amefanikiwa?

Swali hili si la kujifurahisha. Mkoa wa Simiyu ulimegwa, kwa sehemu kubwa, kutoka Shinyanga mwaka 2012. Kabla ya hapo, mtoto wa Bariadi, Maswa au Meatu aliyetaka kufika mashindano ya taifa ya shule alipaswa kugombea nafasi kwenye timu ya mkoa pamoja na watoto wa Shinyanga mjini na Kahama. Leo Simiyu inapeleka timu yake yenyewe. Nafasi zimeongezeka, na nafasi zikiongezeka wanakuja na watu wenye ahadi mdomoni. Ndiyo maana wazazi wanauliza maswali ambayo baba zao hawakuwa na haja ya kuyauliza.

KIJANA: Mimi naanza na Hasheem Thabeet, maana hatuna mfano mkubwa kuliko huo. Kazaliwa 1987, kakulia Dar es Salaam, kashika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Kutoka Dar akapitia Nairobi, kutoka Nairobi akaenda shule ya sekondari Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Tarehe 25 Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Wa pili dunia nzima, mama! James Harden alikuwa wa tatu. Stephen Curry wa saba.

MAMA: Na huyo alikuwa mfungaji?

KIJANA: Hapana, na hapo ndipo ninapotaka tufike. Alikuwa mzuiaji. Urefu wake mita 2.21, kazi yake kusimama chini ya goli na kuipangua mitupo ya watu. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa anazuia mitupo zaidi ya minne kila mechi. Kuna siku walicheza na Providence, akapata alama 15, ribaundi 11, na akazuia mitupo 10. Jiji zima la Storrs lilikuwa linamjua.

MWALIMU: Storrs si jiji. Ni mji mdogo wa chuo, umezungukwa na mashamba. Kwa hilo anafanana na sisi kuliko unavyodhani.

MAMA: Halafu ikawaje?

Kijana hapa husita, na kila anayesimulia habari za Thabeet husita mahali hapohapo. Memphis walikuwa na Marc Gasol kwenye nafasi ileile, na Gasol hakuwa mtu wa kuachia nafasi. Februari 2010, kabla msimu wa kwanza haujaisha, Thabeet alipelekwa ligi ya maendeleo, kwa Dakota Wizards. Hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Mwaka uliofuata akauzwa Houston, kisha akapita Portland na Oklahoma City. Mwaka 2014 NBA ikaisha kwake akiwa amecheza mechi 224 kwa wastani wa alama 2.2. Magazeti ya michezo ya Marekani yanamweka kwenye orodha za wachezaji waliochaguliwa juu wakashindwa, na vijana wetu wanazisoma orodha hizo kwenye simu na kuzirudia kama zilivyo.

MAMA: Basi umenijibu, mwanangu. Mtoto alitolewa kwao, akapandishwa, akashushwa. Mimi huyu wangu abaki hapa.

MWALIMU: Mayu, ngoja kidogo. Tumekubali haraka mno kwamba hesabu ya mtu inaanza siku aliyoingia NBA. Miaka mitatu ya Connecticut tunaiweka wapi? Mwaka 2009 alitajwa mzuiaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Katika ligi yao ya Big East alitangazwa mchezaji bora wa mwaka kwa pamoja na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Chuo chake kikafika nne bora ya taifa, kikatolewa na Michigan State pale Detroit. Alipoondoka, katika historia yote ya chuo kile ni Emeka Okafor peke yake aliyekuwa amezuia mitupo mingi kumzidi. Kijana aliyeushika mpira akiwa na miaka 15! Mimi nasema hiyo ni kazi iliyokamilika. Kilichofuata ni kazi nyingine.

Namuunga mkono mwalimu, na sababu yangu kubwa nimeikuta kwenye mchezo ambao Simiyu haujafika. Kijana ndiye aliyeuleta.

KIJANA: Kuna hoki ya barafuni. Msicheke. Nairobi pale hoteli ya Panari ulifunguliwa uwanja wa barafu mwaka 2005, na vijana wa Kenya wana timu yao, Ice Lions. Mwaka 2018 walipelekwa Toronto wakacheza siku moja na Sidney Crosby mwenyewe. Kwa hiyo si mchezo wa sayari nyingine.

BINTI: Wanachezaje kwenye barafu bila kuanguka?

KIJANA: Wanaanguka sana. Kila timu ina watu sita uwanjani: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu. Wamevaa viatu vyenye bapa la chuma chini, wanapiga kwa gongo kisahani kigumu cha mpira. Beki anaingia kwa kama dakika moja, hata haifiki, anakimbia mpaka mapafu yanawaka, anatoka, mwingine anaingia. Mabeki wanacheza wawiliwawili, kila mmoja na pacha wake. Mshambuliaji akipiga, beki anajilaza mbele kisahani kimpige yeye. Na kuna hesabu inayoandikwa: timu zikiwa sawa kwa idadi, ikifunga nawe umo ndani unapewa jumlisha moja, ikifungwa nawe umo ndani unapewa toa moja.

BINTI: Hata kama si wewe uliyefunga?

KIJANA: Hata kama hukuugusa.

BINTI: Ningependa hiyo hesabu ije kwenye pete.

Tumwache binti aonyeshe anachomaanisha, maana ni yeye pekee kati ya wanne anayeifanya kazi hii. Anasimama kwenye mstari wa duara la kufungia. Mfungaji wa timu pinzani amepokea mpira, ametua kwa mguu wa kulia. Kanuni inamtaka mlinzi awe umbali wa futi tatu kutoka mguu ule, kwa hiyo binti anarudi nyuma kwanza, hatua ndefu moja, bila kuangalia chini. Ndipo anapanda kwenye ncha za vidole, anaegemea mbele, mkono umeenda juu kabisa na vidole vimetanuka. Anashikilia hapo. Mfungaji naye anasubiri amwone akiyumba, kwa sababu akiyumba mbele hata kidogo filimbi inalia na anatolewa kando wakati wa pigo la adhabu. Sekunde tatu ndizo mfungaji alizo nazo. Akikosa, kwenye daftari la mwalimu panaandikwa kwamba GA, yaani mfungaji huyo wa upande wa pili, amekosa. Kazi ya binti haionekani popote. Nimeuona ukurasa huo wa daftari. Waliofunga wamepigiwa mistari mpaka karatasi imejaa, na walinzi, GD na GK, wana majina tu, mbele yao pameachwa peupe.

Narudi kwenye barafu. Majira yaleyale Thabeet anacheza nne bora, Aprili 2009, kulikuwa na beki mwingine wa chuo anayemaliza muda wake. Anaitwa Matt Gilroy, wa Chuo Kikuu cha Boston. Aliingia chuoni hapo bila kuahidiwa kitu, mchezaji wa kujileta mwenyewe, na alikuwa mshambuliaji. Chuo ndicho kilichomgeuza kuwa beki. Hakuna klabu ya ligi kuu ya NHL iliyokuwa imemchagua. Mwaka wake wa tatu ulipoisha klabu zilianza kumfuata na mikataba. Akakataa, akarudi kumalizia mwaka wa nne. Mwaka huo akapewa tuzo ya Hobey Baker, ya mchezaji bora wa hoki ya vyuo. Na tarehe 11 Aprili, Washington, kwenye fainali dhidi ya Chuo Kikuu cha Miami cha Ohio, Boston walikuwa nyuma 3-1 dakika ya mwisho ikianza. Wakafunga moja. Zikiwa zimebaki sekunde 17 Gilroy akampa Nick Bonino pasi, ikawa 3-3. Wakashinda 4-3 muda wa nyongeza, na aliyefunga bao la mwisho alikuwa beki mwenzake, Colby Cohen.

Gilroy akaenda New York Rangers. Akacheza NHL mechi zaidi ya 200 katika klabu kadhaa, na mwaka 2014 NHL ikaisha kwake. Baadaye, 2018, alikuwamo kwenye timu ya Marekani ya Olimpiki ya Pyeongchang.

MWALIMU: Hebu rudia hapo. Mechi ngapi?

KIJANA: Zaidi ya 200. Akaacha 2014.

MWALIMU: Na Thabeet 224, akaacha 2014.

MAMA: Sasa mbona mmoja mmesema kashindwa, na huyu mwingine mnamsimulia kwa raha?

Hakuna aliyemjibu mama haraka. Hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Mabeki wawili wa chuo, wa mwaka mmoja, wamekaa ligi kuu kwa muda uleule na karibu mechi zilezile. Mmoja anasifiwa kwa kufika mbali, mwingine anahesabiwa hasara. Tofauti yao kubwa ni namba waliyopewa mlangoni. Gilroy hakuchaguliwa na mtu, kwa hiyo kila mechi aliyocheza ilikuwa faida. Thabeet aliambiwa ni wa pili duniani, kwa hiyo kila mechi ilikuwa deni. Namba ile hakujipa yeye. Aliyempa alikuwa na Gasol tayari, na alijua kwamba kijana huyu ana miaka saba tu tangu aushike mpira.

Lakini kuna tofauti nyingine, ambayo nadhani ina manufaa zaidi kwa mtu wa Bariadi, nayo imo kwenye kanuni. Kwenye hoki, klabu ya NHL inaweza kumchagua kijana akiwa na miaka 18 na bado akaenda chuo. Klabu inabaki na haki zake, yeye anasoma na kucheza, hakuna anayemfukuza. Cale Makar alichaguliwa na Colorado mwaka 2017, wa nne, naye ni beki. Akacheza chuo miaka miwili Massachusetts, akatwaa Hobey Baker 2019, ndipo akaenda. Mwaka 2022 alikuwa beki bora wa ligi na bingwa wa Stanley Cup. Katika mpira wa kikapu mlango ni tofauti: kijana wa chuo akishachaguliwa na NBA, siku zake za chuo zimekwisha. Abaki mwaka mmoja akue, ahatarishe goti na jina? Au aondoke sasa jina likiwa juu? Ukiwa umetoka nchi ambayo, kama ya Thabeet wakati ule, haijawahi kuwa na mchezaji hata mmoja kwenye ligi ile, hilo si swali la kuamua kwa utulivu.

Na mabeki huchelewa kukomaa. Hilo nimelisikia kwa watu wa kila mchezo. Mfungaji mwenye mbio anaweza kutisha akiwa na miaka 17. Mlinzi anahitaji kuziona hila nyingi kwanza, kwa sababu kazi yake ni kujua kitakachotokea kabla hakijatokea. Mashabiki wa Yanga wanaompenda beki Dickson Job wanajua ninachosema. Mtu wa namna hii ukimnyima mwaka mmoja wa kujifunza umemnyima kingi.

MAMA: Mwalimu, mimi nina maswali ya shambani. Huyu binti akienda, nani analipa?

MWALIMU: Chuo. Ada, chakula, malazi, vitabu, kama ni ufadhili kamili. Na si kila ufadhili ni kamili.

MAMA: Akivunjika mguu?

KIJANA: Hapo zamani palikuwa pabaya. Kwa karibu miaka arobaini, tangu 1973, ufadhili wa michezo wa vyuo vya Marekani ulikuwa wa mwaka mmojammoja. Kocha akikuchoka, mwaka unaofuata hupewi. Kuanzia 2012 vyuo vimeruhusiwa kutoa wa miaka mingi.

MAMA: Vimeruhusiwa, au vimelazimishwa?

KIJANA: Vimeruhusiwa.

MAMA: Haya. Na hela ya matumizi?

KIJANA: Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaweza kulipwa kwa matangazo ya jina lake na sura yake. Ila aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi amebanwa na sheria za uhamiaji, kazi nyingi haruhusiwi. Kwa hiyo mwenzake wa Marekani anaweza kupata, yeye akawa anaangalia.

MAMA: Unaona? Hayo hamkuanza nayo. Mmeanza na mtu wa pili duniani.

Mama ana haki. Tunawapa wazazi mfano wa aliyefika juu kabisa halafu tunashangaa wakiogopa. Kama ningekuwa mwalimu ningeanza na jirani. Suleiman Nyambui ni mtu wa Majita, mkoa wa Mara, ng'ambo tu ya Busega ukifuata ziwa. Alikwenda Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, miaka ya mwisho ya sabini akiwa mtu mzima, si mtoto, akakimbia kwa jina la chuo hicho na kutwaa mataji mengi ya vyuo vyote. Katikati ya masomo hayo, mwaka 1980, alipata medali ya fedha ya Olimpiki kule Moscow katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mwaka 1987 na 1988 alishinda marathoni ya Berlin. Kisha akarudi kwenye riadha kama kocha, akafundisha nje na nyumbani, akawa katibu mkuu wa shirikisho la riadha Tanzania. Hakuwa beki, na alikimbia peke yake bila pacha. Ila kwake chuo hakikuwa chumba cha kusubiri. Alikaa humo, akakitumia, akatoka na kitu cha kufanya baada ya miguu kuchoka.

MWALIMU: Tatizo letu, nikisema kweli, ni kwamba tunawapeleka watoto kwa urefu wao. Mtu anakuja hapa, anatazama nani mrefu, anaondoka na namba ya simu ya mzazi. Haulizi matokeo ya kidato cha pili. Na chuo cha kule kitauliza alama za sekondari yote, na Kiingereza chake, kabla hakijauliza anarukaje.

BINTI: Mwalimu, Hisabati nilipata D.

MWALIMU: Najua. Ndiyo maana Jumamosi hufanyi mazoezi.

MAMA: Hilo ndilo neno la kwanza leo ambalo nimelielewa lote. Wabeja, mwalimu.

KIJANA: Lakini mama, tukimfungia kwenye Hisabati mpaka miaka 20, barua itakuwa imepita. Thabeet asingesubiri.

MAMA: Thabeet mmesema hakusubiri, na nyie wenyewe mkasema ndicho kilichomuumiza. Sasa unataka nini?

KIJANA: Nataka apewe nafasi ya kuchagua. Kubaki Bariadi kwa sababu hakuna aliyekuita ni jambo moja. Kubaki kwa sababu umeitwa ukakataa ni jambo lingine. Wale Wasomali wa Borlänge, Sweden, walikuwa wakimbizi, hawajawahi kukanyaga barafu. Mwaka 2013 wakaanzisha timu ya bandi, ndugu yake hoki, mwaka 2014 wakawa Siberia kwenye mashindano ya dunia wakiwa na bendera ya Somalia. Walifungwa kila mechi magoli ya kuhesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Nani atawaambia wasingeenda?

Kwa hili siko upande wake moja kwa moja. Wale wa Borlänge walikuwa tayari wanaishi Sweden. Barafu ilikuwa nje ya mlango wao na jioni walirudi nyumbani. Binti wa Itilima akishindwa El Paso au Storrs, nyumbani ni mbali, na kushindwa kwake kutasimuliwa gulioni kabla hajashuka kwenye basi. Ningetaka aende, na ningetaka aende na madaftari mawili: la mechi na la masomo. Na hesabu yake ifungwe siku anayomaliza chuo, kwa alichojenga mpaka siku hiyo. Akichaguliwa na ligi kubwa, hilo lianze ukurasa mpya. Thabeet akipimwa hivyo, alitoka Connecticut akiwa mzuiaji bora wa vyuo vya taifa lile lote, na hakuna Mtanzania aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Mwalimu naye ana la kufanya papo hapo, bila kungoja Marekani. Achore safu mbili zaidi kwenye daftari lake: mipira iliyokatwa, na mitupo iliyokosewa mbele ya mkono wa mlinzi. Mtu wa kuandika yupo kila mechi. Bila safu hizo, siku kocha wa chuo akiomba takwimu za GD wa Simiyu atatumiwa urefu wake na jina lake, basi.

MWALIMU: Safu nitachora. Wiki hii.

BINTI: Na za mechi zilizopita?

MWALIMU: Zilizopita tutakaa na wenzako mkumbuke.

MAMA: Mimi langu ni moja. Ikija karatasi imeandikwa mwaka mmoja, siweki sahihi. Ikija ya miaka minne, isomwe hapa kwa Kiswahili, baba yake akiwapo, neno kwa neno, mpaka sehemu ya mguu kuvunjika.

KIJANA: Miaka minne hawaitoi kirahisi, mama.

MAMA: Basi wewe unayejua wanavyoitoa, usikeshe tu na mechi. Ukae na mwalimu, muwaandikie, muwaulize. Mimi pamba yangu ikishapimwa kesho nitakuja kusikia mmeandika nini.